Mpiga Picha Aliyewaonesha Roboti Kawa

Kabla hajapiga picha hata moja, Bi Picha alikuwa na desturi ya kupiga makofi na kutangaza kwa sauti iliyoshinda ngoma: asiyetaka kuonekana ageuke. Kisha husubiri. Alisubiri kwelikweli, mashine yake imening'inia kifuani, hata kama bibi harusi ameshakaa kwenye kiti chake na mikono ya hina imeanza kumchoka kwa kuinuliwa. Wawili watatu waligeuka, mwengine akajitanda ushungi mpaka puani, mwengine akahamia nyuma ya nguzo. Ndipo alipoinua mashine. Ukizitazama picha zake za miaka yote utakuta katika kila ukumbi kuna migongo kadhaa, na hiyo migongo mimi naipenda kuliko nyuso.

Jina lake analo, na nusu ya Mji Mkongwe wanalijua, lakini silitaji. Alichukia kuandikwa. Sisi tulimwita Bi Picha kwa sababu katika shughuli za wanawake, kuanzia singo, siku ya kumsugua bibi harusi manukato, mpaka siku ya kupamba, hakukuwa na mwengine aliyeruhusiwa kuingia na mashine. Wapiga picha wanaume walibaki nje na bwana harusi na gari lenye maua. Ndani alikuwa yeye, na ndani ndiko wanawake wanakovua mabuibui, wanakofumua nywele, wanakocheza mpaka jasho likawalowesha. Aliyebaki nje hajui kitu kuhusu huko, na Bi Picha alihakikisha anaendelea kutojua.

Alikuwa mfupi, mwepesi, na chini ya buibui alivaa raba nyeupe kama za wanafunzi. Mashine aliibeba ndani ya kikapu cha ukili, juu yake ameweka fungu la mchicha, ili wapita njia wa Mkunazini wadhani anatoka sokoni. Siku moja nilimuuliza kama mchicha ule huwa anaupika. Akaniangalia kama niliyemtukana. Alisema ule ni mchicha wa kazi, wa kupika hununuliwa mwengine.

Usidhani basi kuwa alikuwa mtu wa kimya. Kwa umbea nani amshinde? Alijua nani kauza nyumba, nani kaachwa, nani kapika biriani la kuku akalitangaza la mbuzi, na akikukamata kichochoroni hakuachii mpaka umesikia yote. Lakini alichokiona ukumbini hakikutoka. Mume mmoja alimsimamisha Darajani akamuuliza, kwa ujanja wa kitoto, kama mkewe alicheza kwenye harusi ya juzi. Bi Picha akamwambia kuwa mkewe alikaa kitako mwanzo mpaka mwisho akilalamikia miguu. Mimi nilikuwepo kwenye harusi ile, na yule mwanamke nusura aivunje sakafu. Nilipomkumbusha kuwa amesema uongo mchana kweupe, alinijibu kuwa hajasema uongo, amefunga mlango, na akaendelea kuchagua nyanya.

Enzi za filamu alizisafisha picha mwenyewe, katika stoo ya nyumba yake aliyoiziba kila tundu kwa magazeti. Aliona haina maana wanawake wajifungie siku nzima kumpamba mtu, kisha picha zake zikasafishwe dukani na mwanamme asiyemjua. Zikishakauka alizipeleka kwa miguu mpaka kwa mama wa bibi harusi, akamkabidhi mkononi pamoja na filamu yenyewe. Hakumtuma mtu hata siku moja. Wakati homa imemlaza alimfanya mama mtu aje kumfuata kitandani.

Kwa miaka mingi nilimjua kama wanawake wote wa mjini walivyomjua, yaani kwa kugeuka au kutogeuka. Nilianza kumjua hasa siku aliponijia kazini, Shangani, ambako nilikuwa natengeneza tovuti za mahoteli. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba na asikae. Alisema wanawake wa siku hizi wana ndugu Maskati na London, na ndugu hao wanataka kuona mwenzao alivyopambwa, na kila bahasha anayoituma kwa msafiri hufika imeshafunguliwa. Anataka nyumba ya picha mtandaoni. Kila albamu na ufunguo wake. Akaniuliza naweza au siwezi, nami nikamjibu naweza, upesi mno, kama wanavyojibu mafundi wote.

Nilimtengenezea, na nilijiona hodari. Kila albamu ilikuwa na neno lake la siri, na bila neno hilo ukurasa haukuonesha kitu. Miezi ya mwanzo wanawake walitajiana anwani kwa mdomo, mmoja akamnong'oneza mwengine, kwa hiyo kosa langu lilikaa pale pale bila ya mtu kuligundua.

Siku mbili kabla ya nikaha ya binti mmoja wa Malindi, mama yake alikibandika kiungo cha albamu ya hina kwenye grupu la ukoo. Hakuwa mjinga. Alijua mle mna maami na makaka na mabinamu. Lakini alijua pia kuwa albamu ina ufunguo, na ufunguo atawapa wanawake peke yao. Aliitegemea kazi yangu. Kidole hakijatoka kwenye simu, juu ya kiungo ikatokea picha ya binti yake, nywele zimemwagika mabegani, mikono wazi imechorwa hina na piko mpaka juu ya viwiko, anacheka meno yote nje. Ukoo mzima ukaiona, wake kwa waume.

Nieleze ilivyokuwa, maana hata mimi ilinibidi nijieleze mwenyewe kwanza. Ukituma kiungo kwa watu, kabla mtu yeyote hajakibonyeza, mtandao hutuma roboti wake kwenye ile tovuti. Roboti husoma kichwa cha ukurasa, huchukua picha moja, hurudi nayo na kuibandika juu ya kiungo ili watu wavutike. Hiyo kadi yenye picha tunaiona kila siku na hatujiulizi nani kaileta. Roboti hana neno la siri wala halihitaji. Anasoma mistari michache iliyoandikwa juu ya ukurasa kwa ajili yake tu, na aliyemwandikia ni mimi: picha ya albamu hii ni hii, njoo uichukue. Niliwafanyia hivyo mahoteli yote na mkono ulishazoea. Albamu niliifunga kwa ufunguo, picha ya jalada nikaitoa nje.

Nilipomweleza Bi Picha nilikuwa nalia. Sikulia kwa kuogopa kufukuzwa. Nililia kwa aibu, maana na mimi nimepambwa, na mimi ninayo albamu yangu mle. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu, kama huyo roboti alivunja akaingia, au mimi ndiye niliyempa. Nikasema nilimpa mimi.

"Basi hapana mwizi hapa," akasema. "Pana mlinzi aliyelala. Na mlinzi ni mie. Wale walinikabidhi mie binti yao, fundi hawamjui."

Nilimwomba anitaje. Alikataa siku ile, na akakataa kila nilipomkumbusha. Kwenye ukoo ule hakuna aliyewahi kusikia kuwa kuna msichana wa kompyuta, na mimi nimebaki na deni la kusema, ndilo hili ninalolisema sasa.

Alasiri ile ile ami wa bibi harusi alikuja nyumbani kwa Bi Picha na wazee wawili. Mimi nilijibanza nyuma ya pazia. Ami alikuwa na madai matatu: picha za binti yao zifutwe zote, picha za mabibi harusi wengine wote zifutwe na ile tovuti ifungwe, na mashine iwekwe chini. Lau si picha, alisema, aibu hii isingekuwepo. Akikataa watakwenda kwa sheha, kiongozi wa mtaa. Bi Picha aliwapa viti, akawapa maji, akamwacha mtu amalize hasira zake. Kisha akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko makelele, kuwa picha za binti ni za binti, za wengine ni za wengine, na mashine ndiyo yake na haiweki chini. Sheha ni jirani yake, wakifika wamsalimie.

Walipotoka hakukaa. Tulikwenda Malindi, akaomba abaki na bibi harusi peke yake, hata mama akatolewa chumbani. Mimi niliruhusiwa kwa kuwa ndiye niliyebeba kompyuta. Alimwambia yule binti kuwa akisema futa, zitafutwa sasa hivi na ataona kwa macho yake. Binti alikuwa kavimba macho. Alikuwa akiikwangua hina iliyokauka kwenye kidole.

"Usifute, Bi," akasema. "Mie sijafanya kosa. Kama kuna wa kuona haya, si mie."

Bi Picha akamkumbatia, akavaa raba zake, akanambia tunakwenda barazani.

Baraza lenyewe lilikuwa hapo hapo mtaani, na wanaume wa ukoo walikuwa wamejaa, wanajadili. Mwanamke hasimami mbele ya baraza la wanaume akaanza mazungumzo, hilo analijua kila mtoto wa mjini. Yeye alisimama. Alisalimia, wakaitikia.

"Nimefuata picha yangu," akasema. "Imo katika simu zenu. Kila mmoja aifute mbele yangu, nami n'ende zangu."

Wa kwanza kutoa simu alikuwa kijana mmoja, kaka wa bibi harusi, kichwa ameinamisha. Wa pili akasema hajaiona kabisa. Bi Picha akamwambia vizuri, basi simu yake itachukua muda mfupi, na akanyoosha mkono. Alipita kwa mmoja mmoja, mimi nyuma yake nawaonesha wapi pa kubonyeza, maana wazee hawakujua na vijana walijifanya hawajui. Wengine walikuwa wameiweka hadi kwenye hifadhi ya picha. Tuliitoa na huko. Sijawahi kuona wanaume wenye adabu kama siku ile.

Ami alibaki wa mwisho. Ilikuwemo kwenye simu yake, na hakuwa ameiacha kwenye grupu tu, alikuwa ameihifadhi. Alisema hataifuta, ni ushahidi.

"Ushahidi wa nini, bwana?" Bi Picha akamuuliza. "Kosa nshakiri mbele ya watu wote hawa. Unamtazama mwanao kutwa nzima, unatafuta kosa jengine?"

Akakaa. Alikaa juu ya baraza lile, kati ya wanaume, miguu haifiki chini. Muuza kahawa alipopita alinunua kikombe na kashata, akanywa taratibu. Kila mtu alitafuta pa kutazama. Adhana ya magharibi ilipolia wakaanza kunyanyuka kwenda msikitini, na yeye akamwambia ami aende salama, akirudi atamkuta. Mtu yule aliangalia msikiti, akaangalia wenziwe, akaitoa simu mfukoni na kuifuta ile picha. Bi Picha akamshukuru, akanyanyuka, akaniambia twende na sisi tukasali.

Nikaha ilifungwa Ijumaa kama ilivyopangwa. Bwana harusi alisema hakuitazama ile picha. Mimi namwamini, kwa sababu nataka kumwamini.

Kuitoa picha kwenye simu za watu ilikuwa kazi yake. Kuitoa kwa roboti ilikuwa yangu, na ilinichukua muda zaidi. Nilidhani nikiifuta kwangu imekwisha. Kumbe roboti huweka nakala, na kila kiungo kile kilipotumwa upya, mtandao ulitoa ile picha ya zamani kutoka kwenye kumbukumbu yake. Ilinibidi pale pale ilipokuwa picha ya binti niweke picha nyengine kwa anwani ile ile, kisha niwaombe wenye mitandao, mmoja mmoja, roboti wao waje watazame tena. Mmoja alikuja ndani ya saa moja. Mwengine alishikilia siku kadhaa. Kila asubuhi Bi Picha alinipigia akauliza, kabla ya salamu, kama yule mwenzetu keshasahau.

Mwanzo nilitaka tuwafungie roboti wote. Tukajaribu. Nikaweka ilani kwamba hawaruhusiwi, na waliotaja majina yao nikawarudisha mlangoni. Kiungo kikawa kinatokea kitupu, herufi na namba bila sura, na siku hizi watu wakiona kiungo cha namna hiyo hudhani ni cha matapeli. Shangazi mmoja wa London alikifuta bila kukifungua, akalaumu kuwa mpaka leo hajaona harusi. Zaidi ya hayo, ilani husomwa na wenye adabu tu. Wako wanaopita bila kuisoma, na wako wanaojigeuza sura wakaja kama watu wa kawaida. Kwa hiyo picha zote nikazihamishia nyuma ya ufunguo, picha zenyewe, si ukurasa peke yake, ili hata anayekuja kwa kujificha asikute kitu. Lakini suala la kadi likabaki.

Bi Picha akalifikiria siku mbili, kisha akaja kazini akasema funika kombe mwanaharamu apite. Nikadhani anatoa methali. Kumbe anatoa agizo. Kutoka chini ya mchicha akatoa mashine, na ndani yake mlikuwa na picha aliyokwishaipiga: sinia juu ya jamvi, limefunikwa kawa la ukili lenye mistari myekundu. Kila roboti atakayekuja, wa mtandao wowote, kwa albamu yoyote, apewe kawa hili hili. Na chini yake yaandikwe maneno matano tu: Karibu, wenyewe wapo ndani kwao. Nikamwambia maneno hayo hayamvutii mtu. Akasema anayeyajua hahitaji kuvutwa.

Ikawa hivyo, na wanawake wakaizoea. Kawa likitokea kwenye grupu wanajua harusi imeshaingia, wanaume wanapita kama wanaopita mbele ya jiko la jirani. Mkuu mmoja wa ofisi aliliona kwenye simu ya mwenzake, akapiga simu kuagiza biriani la wageni wa semina. Bi Picha aliipokea oda bila kusita, akampa jirani yake anayepika, na biriani likafika kwa wakati. Ofisi ile inaagiza mpaka leo.

Alitaka pia kuwajua hao wageni. Nilimchapishia kurasa za daftari la seva, linaloandika kila aliyekuja na saa aliyokuja, akawa anazisoma miwani puani huku akitafuna karafuu. Akawapa majina. Mwenye Haraka ni yule anayefika hata mtu hajamaliza kukituma kiungo. Msahaulifu huja mara kumi kwa kitu kimoja. Na yule asiyejitambulisha alimwita Mkwe, sikuuliza kwa nini. Siku moja Mwenye Haraka alikuja kwa wingi mpaka tovuti ikalemewa na kuzimika, kwa kuwa kiungo kimoja kilikuwa kimetumwa kwenye magrupu mengi kwa pamoja. Nilimtengea kawa lake pembeni, analichukua bila kupita ndani, na mambo hayo hayakutokea tena. Bi Picha alilipenda hilo. Alisema mgeni mwenye haraka ndivyo anavyopakuliwa.

Mwenye duka la magauni ya harusi alimjia akitaka kawa liondolewe. Alikuwa tayari kuitangaza tovuti yote, ila kadi ioneshe bibi harusi mwenye gauni lake, kwani kiungo chenye uso hubonyezwa zaidi. Alizungumza vizuri, na mimi, nisifiche, nilianza kushawishika. Bi Picha akamwambia hana neno, aanze na uso wa dada yake. Mazungumzo yakaishia hapo.

Alikuwa na ukali usiochagua, na wakati mwengine uliniudhi. Zamani akimkabidhi mama, nimeshasema. Baada ya mambo ya Malindi akawa hamkabidhi mama tena, ufunguo ni wa bibi harusi mwenyewe na hakuna mwengine. Niliwahi kumshuhudia mama mtu mzima akimbembeleza mlangoni, machozi yanamtoka, anataka ufunguo wa albamu ya mwanawe aliyehamia bara, na Bi Picha akamwambia amwombe mwanawe. Nilimwambia huko ni kukosa huruma. Akasema huenda. Akasema miaka yote ile aliwapa mama kwa sababu hakuwahi kuwauliza mabinti, na alipomuuliza mmoja ndipo alipojua amekosea kwa wote. Hilo ndilo kosa pekee nililomsikia akikiri bila ya kulazimishwa.

Mwaka huu nilikaa naye Kidichi, kwa binti yake, baada ya miguu kumkataa. Alikuwa kwenye kitanda cha kamba uani, madaftari yake ya simu yamemzunguka. Alikuwa ameamua kuwa kila mwenye albamu aulizwe mwenyewe, akiwa bado yeye yupo wa kuuliza, kama ziwekwe au zifutwe. Hakutaka aondoke duniani kisha watu waamue juu ya vichwa vya wenyewe. Nilikwenda siku nyingi mfululizo. Mimi napiga, naweka sauti ya nje, yeye anauliza. Waliosema ziwekwe tukawapa ufunguo mpya. Waliosema zifutwe nilizifuta hapo hapo, na zilikuwemo picha nzuri mpaka mkono ulisita, lakini yeye hakusita wala hakumuuliza mtu sababu.

Kisha tukampata mwanamke mmoja wa Matemwe, mkulima wa mwani. Nilizikumbuka picha zake. Ndiye aliyecheza mpaka kilemba kikaanguka na mama mkwe wake akakiokota akicheka. Bi Picha akamsalimia, akamuuliza habari za watoto, akamuuliza swali lake.

"Futa, Bi," ikaja sauti. "Futa zote."

"Haya, mwanangu. Zimefutika."

Simu ikakatwa. Mimi kidole kilikuwa kimeshafika, na Bi Picha akanipiga mkononi, kofi la kweli, nililisikia mpaka jioni. Akaniambia niache. Aliniuliza kama sikusikia mtu akikohoa pale, karibu kabisa na simu, kabla yule mwanamke hajajibu. Sikusikia. Akamwita binti yake amuulize kesho maji ya bahari yanatoka saa ngapi kule mashariki, maana maji yakitoka wanawake wote watakuwa kwenye mwani wao na waume hawapo. Tutapiga saa hizo. Nilimwambia tumeshamwambia zimefutika. Akasema walioambiwa ni wawili, na mmoja alistahiki kuambiwa hivyo.

Siku ya pili nilifika mapema. Kabla hatujapiga, simu ya Bi Picha ililia, namba ngeni. Niliweka sauti ya nje. Upepo ulikuwa mwingi upande wa pili, na wanawake wanaitana.

"Bi Picha?"

"Naam."

"Bi, kweli umezifuta?"

"Zipo, mwanangu," akasema. "Jana hukusema weye."

Nilimuuliza yule mwanamke kama nimtumie kiungo kwenye namba hiyo. Akasema asitumiwe kitu, simu ni ya kuazima, atajiwe tu neno la siri. Bi Picha akamtajia. Akalirudia akakosea, akalirudia akakosea. Mara ya tatu alilitaja lote, kwa sauti kubwa, mbele ya wenziwe.